Kocha wa shule kutoboa chuo kikuu? Marekani wapo waliopaa, na wapo waliorejea walikotoka

Kama uliitazama filamu ya The Blind Side, bila shaka unamkumbuka Sandra Bullock, kwa sababu ndiye aliyebeba Oscar. Unamkumbuka pia Michael Oher, kijana mkubwa kama lango la gereji aliyetoka kwenye umaskini wa Memphis akaishia shule ya Kikristo ya kulipia. Lakini yule kocha wa shule je? Yule jamaa wa kando ya uwanja ambaye hajui afanye nini na jitu lenye roho ya upole kiasi kile? Wengi wamemsahau. Kwenye filamu alibadilishwa jina, lakini katika maisha halisi kocha wa shule hiyo ya Briarcrest aliitwa Hugh Freeze, na safari yake ni noma kuliko sinema yenyewe.

Mwaka 2005 Oher alichagua kujiunga na Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho mashabiki hukiita Ole Miss. Muda si muda Freeze naye akapata kazi huko huko Ole Miss. Alianzia ofisini, akaingia uwanjani kama msaidizi, akaondoka kuzunguka vyuo vidogo, kisha mwaka 2012 akarudi akiwa kocha mkuu. Msimu wa 2014 akaicharaza Alabama ya Nick Saban, na 2015 akarudia tena. Huyu ni mtu ambaye miaka kumi hivi nyuma alikuwa anapuliza filimbi kwa watoto wa shule.

Sasa, kuna kundi zima la makocha kama huyu. Nimekuwa nikiwafuatilia kwa muda, na nakiri sababu si mpira pekee. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hadithi ya msee anayeingia chuo kikuu akiwa na miaka 40, kupitia mlango ambao hauna mtihani wa kuingia, hunivutia kwa njia yangu.

Kwanza tuelewane. Huu si mpira wa Gor na Ingwe. Ni futiboli ya Marekani: mpira wa umbo la yai, helmeti, mabega ya plastiki na miili inayogongana kila sekunde kadhaa. Ndio ule mchezo uliomchukua Mkenya mwenzetu Daniel Adongo kutoka raga mwaka 2013, akasajiliwa na Indianapolis Colts. Na huko kwao, mchezo huu ukiwa wa shule ya upili haumaanishi uwanja wa nyasi kavu na wazazi sita chini ya mti. Texas pekee ina zaidi ya shule 1,000 zinazoucheza. Ijumaa usiku mji mzima unahamia uwanjani. Shule ya Allen, karibu na Dallas, ilijenga uwanja wa viti 18,000 kwa takriban dola milioni 60 na kuufungua mwaka 2012. (Mwaka 2014 ulifungwa kwa sababu saruji ilikuwa na nyufa. Kumbe makandarasi ni wale wale kila mahali.)

Kocha mkuu wa timu kama hiyo ni mwajiriwa wa kudumu wa wilaya ya elimu, si kibarua wa jioni. Kwenye shule kubwa za Texas wengi hupata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya sasa hiyo ni karibu shilingi milioni 13 zetu. Anajulikana dukani, kanisani, kwa kinyozi. Mkewe hahami kila baada ya misimu miwili. Watoto wake wanasoma shule ile ile anayoinoa.

Kwa hivyo anayeondoka hapo kwenda chuo hakimbii njaa. Anaacha meza iliyojaa kwenda kutafuta karamu. Na karamu ipo kweli, maana juu kabisa kocha wa chuo analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Swali ni kidato gani cha ngazi unakanyaga kwanza.

Chukua Gerry Faust. Kwa wanaoujua mchezo huu, jina hilo ni hadithi ya tahadhari, na nadhani wanamwonea kidogo. Faust aliijenga timu ya Archbishop Moeller, shule ya wavulana ya Kikatoliki mjini Cincinnati. Katika misimu 18 alishinda mechi 174, akapoteza 17 na kutoka sare mbili. Soma tena hizo namba. Kwa wastani alikuwa hapotezi hata mechi moja kwa msimu. Vijana wake walikuwa wakienda kuchezea Notre Dame, chuo cha Kikatoliki chenye jina kubwa kuliko vyote katika mchezo huu, na yeye mwenyewe alikuwa akikiota. Mwishoni mwa 1980 Notre Dame wakampigia simu. Si kuwa msaidizi. Kocha mkuu, moja kwa moja, kutoka shule ya upili.

Mechi ya kwanza, Septemba 1981, akaipiga LSU 27-9. Timu ikapanda hadi nambari moja nchini. Wiki moja baadaye Michigan wakamshusha 25-7. Msimu ukaisha ushindi tano, kichapo sita. Alipewa mkataba wa miaka mitano na Notre Dame waliuheshimu hadi mwisho, lakini kufikia 1985 alikuwa ameshinda 30, akapoteza 26, sare moja. Mechi yake ya mwisho, dhidi ya Miami, aligongwa 58-7, na wakati huo alikuwa tayari ametangaza kwamba anajiuzulu. Mechi zote hizo shuleni alipoteza 17 kwa miaka 18, huku amepoteza 26 kwa miaka mitano.

Ni nini kilibadilika? Si kwamba akili ilimwisha. Shuleni, kocha aliyejipanga anawapiga wengi kwa sababu tu wengine hawajajipanga. Ukiwa na mazoezi ya nidhamu, chumba cha uzito, vijana wanaotoka pande zote za mji kuja kwako, tayari una pointi kabla ya filimbi. Ukifika chuo, kila jamaa upande wa pili amejipanga vile vile, na ana wasaidizi ambao kazi yao ya mchana na usiku ni kukutafutia udhaifu. Halafu yule kijana wa miaka 20 wa chuo si yule wa miaka 16 anayekuamini kama baba. Hotuba ya kulia machozi inafanya kazi mara mbili, ya tatu anaangalia saa.

Lakini ona pia upande huu ambao husemwa kwa sauti ya chini: Lou Holtz aliyemrithi alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1988, na Tim Brown, aliyeshinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora mwaka 1987, aliingia Notre Dame wakati wa Faust. Mzee alijua kuchagua wachezaji. Alihitaji miaka michache ya kukaa nyuma ya mtu mwingine akijifunza, na hakuna aliyempa. Aliaga dunia Novemba 2024 akiwa na miaka 89, na kila taarifa ya kifo chake ilianza na ile 174 au ile 30, kulingana na nani alikuwa anaandika.

Miaka 26 baada yake, Todd Dodge alirudia zoezi lile lile huko Texas. Katika shule ya Southlake Carroll alikuwa ameshinda mechi 79 na kupoteza moja tu katika misimu yake mitano ya mwisho, na vikombe vinne vya jimbo. Chuo Kikuu cha North Texas kikamkabidhi mikoba mwaka 2007. Mechi ya kwanza kabisa walipelekwa kwa Oklahoma wakachapwa 79-10. Manze, 79! Idadi ile ile ya mechi alizokuwa ameshinda, akapewa kwa jioni moja kama pointi za adui. Alishinda 6, akapoteza 37, na katikati ya msimu wa 2010 akapigwa kalamu. Dodge nitamrudia, kwa sababu hadithi yake haikuishia hapo.

Sasa weka kando hao wawili na umtazame Gus Malzahn. Mwaka 1991 alikuwa kocha msaidizi katika shule ya Hughes, mji mdogo sana wa Arkansas ambao hata Wamarekani wengi hawajawahi kuusikia. Mwaka uliofuata akawa kocha mkuu. Hakuwa na jina la kuchezea timu kubwa, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza, kwa hivyo alisoma, akajaribu, akakosea mbele ya watu wachache. Akahamia shule ya Shiloh Christian, huko ndiko akaja na wazimu wake.

Wazimu wenyewe ni huu. Kwa kawaida, kila mpira ukisimama wachezaji hukusanyika duara, wapewe maagizo, kisha warudi kwenye mstari. Malzahn alifuta duara. Mpira ukianguka, vijana wake tayari wamepanga mstari, wanapokea ishara kutoka kando ya uwanja na kuanza tena kabla mpinzani hajavuta pumzi. Mechi nzima. Mwaka 2003 akaandika kitabu kuhusu mfumo huo. Yaani mwalimu wa shule ya upili anaandika kitabu cha kuwafundisha makocha wenzake, na makocha wakawa wanafunga safari hadi Springdale, shule yake ya tatu, kuangalia anavyofanya.

Mmoja wao aliitwa Chad Morris, kocha wa shule kutoka Texas. Alirudi nyumbani na mfumo ule, na pale Lake Travis akacheza misimu miwili, 2008 na 2009, bila kupoteza mechi hata moja kati ya 32. Kufikia 2011 alikuwa kocha wa mashambulizi wa Clemson, na mwisho wa msimu huo akapewa mkataba wa dola milioni 1.3 kwa mwaka akiwa bado msaidizi. Huko ndiko kuomoka!

Malzahn mwenyewe alitwaa ubingwa wa jimbo na Springdale mwaka 2005, kisha Arkansas wakamchukua. Akiwa na miaka 40 hakuingia kama bosi, aliingia kama kocha wa mashambulizi chini ya Houston Nutt. Msimu ule haukuwa wa amani, na baada ya mwaka mmoja akafunganya virago kwenda Tulsa, chuo kidogo zaidi. Ukiangalia haraka utasema ameshuka. Lakini Tulsa ilimwacha afanye mambo yake, na miaka yote miwili aliyokaa huko, 2007 na 2008, hakuna timu nchini iliyosonga mbele na mpira kwa yadi nyingi kuliko yake. Auburn wakamwita 2009. Mwaka 2010, wakiwa na kwotabeki Cam Newton, wakashinda mechi zote 14 na ubingwa wa taifa. Mwaka 2012 alikuwa kocha mkuu wa Arkansas State, na 2013 akarudi Auburn kama kocha mkuu.

Auburn hiyo ilikuwa imetoka kushinda mechi tatu tu msimu uliotangulia. Novemba 30, 2013, dhidi ya Alabama, zikiwa 28-28 na sekunde moja imebaki, Alabama walipiga teke la mbali likapungua nguvu. Chris Davis wa Auburn akaudaka mpira nyuma kabisa ya uwanja na kukimbia nao hadi upande wa pili. 34-28. Kaitazame video, hata kama huelewi sheria hata moja. Walifika fainali ya taifa Januari 2014 na kuinyima Florida State usingizi hadi sekunde 13 za mwisho, wakafungwa 34-31.

Na walipomfuta kazi Desemba 2020, Auburn walitakiwa kumlipa zaidi ya dola milioni 21 ili aende nyumbani. Mwalimu wa Hughes alilipwa mabilioni ya shilingi asifanye kazi. Mwishoni mwa 2024 aliacha ukocha mkuu wa UCF akaenda Florida State kurudia kazi ya kocha wa mashambulizi, chini ya Mike Norvell, ambaye alikuwa kijana wa kujifunza kazi Tulsa enzi hizo za Malzahn. Wapo waliomcheka. Mimi naona mtu ambaye kukaa kiti cha pili hakujawahi kumtisha, na naamini ndiyo sababu alifika alikofika. Faust na Dodge waliruka vidato vyote kwa mpigo mmoja. Malzahn alikanyaga kila kimoja, hata vile vilivyooza.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba vyuo huwafuata makocha hawa kwa sababu ya akili zao tu. Chuo kinanunua pia kitabu chao cha simu. Shuleni wachezaji unaletewa na mtaa, lakini chuoni lazima uwatafute nyumba kwa nyumba, ukikaa kwenye kochi la mama wa watu ukimshawishi kwamba mtoto wake atakuwa salama mikononi mwako. Sasa ni nani anayeaminika na mama huyo kuliko kocha wa shule?

Matt Rhule alilielewa hilo vizuri. Alipochukua Baylor, kule Texas, mwishoni mwa 2016, yeye alikuwa mgeni aliyetoka Philadelphia. Miongoni mwa watu aliowaajiri mapema walikuwa makocha wa shule za upili za Texas, akiwemo Joey McGuire wa Cedar Hill mwenye vikombe vitatu vya jimbo. McGuire alikuwa mfalme kule kwake, akakubali kwenda kufundisha nafasi moja tu ya wachezaji. Novemba 2021 Texas Tech wakampa timu nzima. Jeff Traylor naye aliinoa Gilmer, mji wake wa kuzaliwa, miaka 15, hadi uwanja ukapewa jina lake. Mwaka 2015 aliuacha uwanja wenye jina lake akawe msaidizi Chuo Kikuu cha Texas, kisha SMU, kisha Arkansas. Tangu 2020 yuko UTSA ya San Antonio, na mwaka 2021 alipewa mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 28.

Upande mbaya wa kitabu hicho cha simu ni kwamba kinaweza kugeuka hongo iliyovaa suti. Mchezaji nyota ana kocha, chuo kinamtaka mchezaji, kinampa kocha ajira, mchezaji anafuata. Mambo haya yalizidi hadi NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, likaweka sheria iliyoanza 2017: vyuo vya ngazi ya juu haviwezi kumpa mtu wa karibu wa mchezaji kazi isiyo ya ukocha ndani ya miaka miwili kabla au baada ya mchezaji huyo kujiunga. Kazi ya ukocha kamili bado inaruhusiwa. Kijana mwenyewe, ambaye uamuzi wake ndio bidhaa hapa, hata hakai kwenye hiyo meza.

Na imani ya wazazi ikivunjwa, gharama hailipwi kwa pointi. Art Briles alikuwa mfano bora wa safari hii yote. Alishinda vikombe vinne vya jimbo na shule ya Stephenville, akaanzia Texas Tech mwaka 2000 kama msaidizi, akapanda hadi Houston, kisha Baylor, ambako kwotabeki wake Robert Griffin III alishinda Heisman mwaka 2011. Alikanyaga kila kidato. Mei 2016 Baylor ilimwondoa baada ya uchunguzi wa mawakili wa nje kubaini kwamba chuo na idara yake ya futiboli vilishindwa kushughulikia ipasavyo ripoti za wanafunzi wa kike waliosema walidhulumiwa kingono, zikiwemo zilizowahusu wachezaji. Mwaka 2019 Briles alipata kazi tena, ya kocha wa shule ya upili. Unajiuliza wazazi wa huko waliambiwa nini.

Siku hizi ngazi yenyewe inabadilika. Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kuhama na kucheza mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura yake. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa hivyo kocha wa chuo anayehitaji beki leo ana njia mbili: kumtafuta mtoto wa miaka 17 na kumsubiri akomae, au kumchukua wa miaka 21 kutoka chuo kingine, amekomaa tayari, bei inajulikana. Ukichagua ya pili, kitabu cha simu cha kocha wa shule kinapungua thamani. Sidhani mlango umefungwa, lakini yule kocha wa mji mdogo anayengoja kupigiwa simu sasa anashindana na pesa taslimu.

Na wapo wasiotaka tena kupigiwa. Morris, yule wa 32 bila kupoteza, alifika hadi ukocha mkuu wa Arkansas, akashinda 4 na kupoteza 18. Mwaka 2021 alikuwa amerudi shule ya upili, Allen, ule uwanja wa nyufa.

Dodge alirudi mapema zaidi. Baada ya North Texas alikaa Pittsburgh mwaka mmoja kama msaidizi, kisha akachukua shule ndogo ya Marble Falls, halafu mwaka 2014 akaenda Westlake, mjini Austin. Walipata ubingwa wa jimbo 2019. Msimu wa 2020 wakafika tena fainali, iliyochezwa Januari 2021 kwenye uwanja wa Dallas Cowboys. Wapinzani walikuwa Southlake Carroll, ile shule yake ya zamani ya mechi 79. Kocha wa Carroll aliitwa Riley Dodge, mwanawe wa kumzaa. Mzee akamfunga kijana 52-34, mwaka uliofuata akatwaa kikombe cha tatu mfululizo, kisha akastaafu Westlake. Riley hadi mwisho wa msimu ule alikuwa bado Carroll, akiinoa shule aliyowahi kuichezea chini ya baba yake.